Sura ya Saba: Vihatarishi na Ngao — Uhalifu wa Vijana katika Chozi la Heri na katika Mitaa ya Nakuru

Malengo ya sura

Kufikia mwisho wa sura hii, uweze:

(a) kueleza maana ya vihatarishi na ngao katika makuzi ya mtoto;
(b) kutambua vihatarishi na ngao katika maisha ya wahusika wa Chozi la Heri;
(c) kuhusisha dhamira hii na hali halisi ya Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa;
(d) kujibu swali la insha kuhusu uhalifu wa vijana bila kusimulia hadithi.

7.1 Utangulizi

Katika sura zilizotangulia tulichambua ploti na wahusika wa riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Sasa turudi kwa wahusika wawili waliowahi kuishi chini ya paa moja: Sauna na Dick. Sauna alinajisiwa na baba wa kambo, na mamake akaificha aibu hiyo badala ya kumtetea. Baadaye, akiwa mfanyakazi wa nyumbani, aliwaiba Dick na Mwaliko, watoto wa mwajiri wake. Dick naye, baada ya kuibwa, alilazimishwa na Buda kulangua dawa za kulevya, na kazi hiyo akaifanya kwa miaka mingi.

Wote wawili waliumizwa wakiwa watoto. Wote wawili walivunja sheria. Lakini Sauna anaishia mikononi mwa polisi, ilhali Dick anaiacha biashara haramu, anaanzisha biashara halali na kuungana tena na dadake Umulkheri. Kwa nini?

Swali hili si la mtihani pekee. Ukisoma shule iliyo karibu na Kaptembwo, Rhonda, Bondeni, Kivumbini au Free Area, huenda unamjua mtu uliyeketi naye dawati moja katika darasa la sita ambaye leo haji shuleni, na watu wanamwongelea kwa sauti ya chini. Huenda mtu huyo ni ndugu yako. Sura hii itakusaidia kuifahamu riwaya vyema, na pia kumfahamu yeye.

7.2 Maana ya istilahi

*Kihatarishi* ni jambo lolote katika maisha ya mtoto linaloongeza uwezekano wa yeye kuingia katika uhalifu baadaye. Mifano ni kupigwa au kudhulumiwa nyumbani, kuacha shule mapema, na kuandamana na marafiki wanaoiba.

*Ngao* ni jambo lolote linalopunguza uwezekano huo, hata pale ambapo vihatarishi vipo. Mifano ni mlezi mmoja anayemjali mtoto siku zote, mwalimu anayemfuatilia, au kazi ya mikono anayoimudu na kuipenda.

Zingatia neno *uwezekano*. Kihatarishi si hukumu. Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo ina ukweli mwingi. Hata hivyo, ukiichukua kama sheria isiyovunjika, hutaweza kumweleza Dick. Fikiria mvua kubwa na barabara ya Njoro. Utelezi huongeza ajali, lakini magari mengi hufika salama. Hufika kwa sababu ya magurudumu mazuri, dereva makini na mwendo wa pole. Mvua ni kihatarishi. Magurudumu na dereva ni ngao.

7.3 Wataalamu wamegundua nini?

Kuna tafiti mbili ambazo ni vyema uzijue, kwa kuwa zilifuata watoto wale wale kwa miaka mingi badala ya kuwauliza wafungwa mambo ya zamani.

Utafiti wa kwanza ulianza London mwaka wa 1961. Wavulana 411 wenye umri wa miaka minane na tisa, kutoka mitaa ya wafanyakazi kusini mwa jiji hilo, walifuatiliwa hadi utu uzima wao. Donald West ndiye aliyeuanzisha, na David Farrington akauendeleza kwa miongo kadhaa. Waligundua kwamba mambo yaliyoonekana mtoto akiwa na miaka minane hadi kumi yalihusiana na uhalifu wa baadaye: mzazi aliyewahi kuhukumiwa, malezi ya ukali au ya kutojali, umaskini na familia kubwa, kufanya vibaya shuleni, na pupa ya kutenda bila kufikiri. Hakuna jambo moja lililotosha peke yake. Hatari iliongezeka kadiri mambo hayo yalivyorundikana kwa mtoto mmoja. Aidha, kikundi kidogo cha wavulana, chini ya mmoja kati ya kumi, ndicho kilichobeba takriban nusu ya hukumu zote.

Utafiti wa pili ulifanywa na Emmy Werner katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Ulifuata watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955. Baadhi yao walizaliwa katika umaskini, ugomvi wa wazazi, ulevi au maradhi ya akili nyumbani. Wengi wa hao walipata matatizo, kama ungetarajia. Lakini takriban theluthi moja ya waliokuwa katika hatari kubwa walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini, wenye kazi na wenye kujali wengine. Werner alipochunguza kilichowatofautisha, alikuta jambo moja likijirudia: kila mmoja alikuwa amepata angalau mtu mzima mmoja wa kudumu aliyemjali bila masharti. Mara nyingi mtu huyo hakuwa mzazi. Alikuwa nyanya, shangazi, mwalimu, jirani au kiongozi wa dini.

Weka matokeo haya mawili akilini tunapoendelea: *vihatarishi hurundikana*, na *ngao moja imara huweza kubadilisha mwelekeo*.

7.4 Nakuru: mazingira halisi

Riwaya yetu haitaji Nakuru. Mwandishi ametumia nchi ya kubuni. Hata hivyo, msomaji wa Bonde la Ufa hahitaji kuambiwa moshi ule ulitoka wapi.

Nakuru ilikua kutokana na reli iliyofika hapa mwaka wa 1900, na ikatangazwa kuwa mji mwaka wa 1904. Mashamba makubwa ya walowezi yaliuzunguka mji, na vibarua wakaja kutoka kila upande. Ndiyo maana hadi leo Nakuru ni mji wa makabila mengi, na jambo hilo ni utajiri wake. Mnamo Desemba 2021 mji huu ulipandishwa hadhi ukawa jiji la nne nchini, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru.

Lakini ardhi iliyowaleta watu pamoja ndiyo pia iliyotumiwa kuwagawanya. Mapigano ya kikabila yalizuka katika sehemu za Bonde la Ufa, Molo ikiwemo, mwaka wa 1992, yakarudi baada ya uchaguzi wa 1997, na yakafikia kilele baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilirekodi vifo 1,133 nchini. Maelfu ya familia zilikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru na kuishi katika mahema. Watoto wengi walikatiza masomo. Wengine waliona mambo ambayo mtoto hafai kuyaona.

Ruka miaka kumi na minne. Mwaka wa 2022 Nakuru ilitikiswa na mauaji ya wanawake katika mtaa wa Mawanga, na magazeti yakaandika sana kuhusu magenge ya vijana, hasa lile lililoitwa Confirm. Serikali ikatangaza msako.

Sasa kuwa mwangalifu. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano katika mahema ya 2008 alikuwa na miaka kumi na tisa mwaka wa 2022. Ni rahisi kuunganisha mambo hayo mawili kwa mstari mmoja na kusema, "Hao ndio waliokua wakawa genge." Usifanye hivyo. Huna ushahidi wa mtu mmoja mmoja, na wengi mno wa watoto wale wa mahema leo ni walimu, wauguzi, wakulima, waendesha bodaboda na wazazi. Unachoweza kusema kwa uhakika ni hiki: kufurushwa, kuacha shule na kushuhudia mauaji ni vihatarishi vizito, na jamii inayovirundika juu ya watoto bila kuwapa ngao inacheza kamari na maisha yao.

7.5 Ngazi za vihatarishi: kisa cha kujadili

Soma kisa hiki cha kubuni. Kijana hana jina kwa makusudi.

*Akiwa na miaka sita, babake anaacha kuja nyumbani. Mamake anaamka saa kumi usiku kwenda kutafuta kazi ya kibarua, anarudi gizani. Akiwa na miaka tisa bado hajui kusoma vizuri, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi mno hana muda naye. Anachekwa, anaanza kupigana. Akiwa na miaka kumi na miwili anakwepa shule na kuokota chupa na vyuma katika jaa la Gioto, kwa sababu pale anapata shilingi na hakuna anayemcheka. Akiwa na miaka kumi na mitatu wavulana wakubwa wanamnunulia chipsi, wanamwita "mdogo wetu". Akiwa na miaka kumi na mitano wanampa simu ambayo si yake na kumwambia aiuze.*

Tazama namna jambo moja linavyozaa jingine:

1. *Ngazi ya familia* — Kuondoka kwa baba hakukumfanya mwizi. Kulimwongezea mama kazi, na usimamizi nyumbani ukapungua.

2. *Ngazi ya shule* — Kutojua kusoma hakukumfanya mwizi. Kulimletea aibu, na aibu ikaleta ugomvi na utoro.

3. *Ngazi ya marafiki* — Utoro ulimpeleka mahali ambapo kundi jingine lilikuwa tayari kumpokea. Genge halimvuti mtoto kwa uovu. Humvuta kwa vitu vizuri anavyovikosa: chakula, jina na mahali pa kukaa.

4. *Ngazi ya mtaa* — Jaa, soko la vitu vya wizi, na watu wazima wanaoununua huo wizi bila kuuliza. Mtoto asingeuza simu kama hakungekuwa na mnunuzi.

5. *Ngazi ya jamii pana* — Ukosefu wa ajira, siasa zinazowatumia vijana wakati wa kampeni na kuwatupa baadaye, na ufisadi unaowafundisha vijana kwamba mwizi mkubwa hupigiwa makofi.

Sasa kirudie kisa hicho ukitafuta penye pengo la ngao. Kama nyanya angekuwepo nyumbani jioni? Kama mwalimu mmoja angempa nusu saa ya kusoma kila siku katika darasa la tatu? Kama kungekuwa na timu ya kandanda inayofanya mazoezi saa kumi jioni? Jadilini katika vikundi: ni mwaka upi ambapo msaada ungekuwa rahisi zaidi? Wengi wenu mtasema mapema, na mtakuwa sahihi, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini msiishie hapo. Je, akiwa na miaka kumi na mitano, amechelewa? Dick alikuwa amezama kwa miaka mingi zaidi.

7.6 Wahusika: jinsi ya kuwasoma

*Sauna.* Vihatarishi vyake vilirundikana: dhuluma ya kingono, usaliti wa mama, kukimbia nyumbani, kisha kuingia mikononi mwa Bi. Kangara. Mtafutie ngao katika riwaya. Hutaipata. Mtu aliyepaswa kuwa ngao yake ya kwanza, yaani mama, ndiye aliyemfunga mdomo. Kumbuka kwamba kueleza chanzo cha uhalifu wa Sauna si kumsamehe. Watoto aliowaiba waliumia kweli. Mtahiniwa bora huonyesha yote mawili.

*Dick.* Aliingizwa katika ulanguzi kwa kulazimishwa. Alikuwa mtoto, na mkosaji mkuu alikuwa mtu mzima aliyemtumia. Lakini kabla ya kuibwa, Dick alikuwa amepata miaka ya malezi mema kwa baba mwadilifu, Lunga, aliyepoteza kazi kwa kutetea haki, na kwa dada aliyempenda. Msingi huo haukufutika. Alipopata nafasi ya kujitegemea, alijua kuna maisha mengine kwa sababu aliwahi kuyaishi. Kisha kukutana na Umu na kupokewa katika familia ya Mwangeka na Apondi kukamaliza safari.

*Hazina.* Ni mtoto wa mtaani. Umu aliwahi kumsaidia kwa pesa, naye baadaye akamsaidia Umu alipokuwa hana pa kwenda. Tunapokutana naye tena, amepata makao, amejifunza kazi na ana ajira hotelini. Hapa mwandishi anatufundisha jambo kubwa: mtoto wa mtaani si mhalifu. Ni mtoto aliyekosa nyumba.

*Zohali.* Anatoka katika familia yenye uwezo, lakini anapopata mimba akiwa shuleni, nyumbani kunageuka kuwa mahali pa mateso na anatorokea mitaani. Anaokolewa na mtawa. Mhusika huyu ni jibu kwa mwanafunzi anayeandika kwamba chanzo cha kupotoka ni umaskini tu.

*Ridhaa.* Je, unakumbuka alivyotengwa na wenzake siku ya kwanza shuleni kwa sababu ya kuwa mgeni? Alirudi nyumbani akilia. Mama alimtia moyo, na mwalimu akawafunza watoto kuishi kwa utangamano. Kihatarishi kilikuwepo, lakini ngao mbili zilisimama upesi. Mtoto yule alikua akawa daktari.

*Buda na Bi. Kangara.* Usiwasahau. Ukiandika insha nzima kuhusu vijana wahalifu bila kutaja watu wazima wanaofaidika kwao, umeacha nusu ya riwaya.

7.7 Ngao zinazojengwa

Ngao hazishuki kutoka mbinguni. Hujengwa na watu. Hizi hapa ni baadhi ambazo mwanafunzi wa Nakuru anaweza kuziona kwa macho yake.

*Mlezi wa kudumu.* Mkono mmoja haulei mwana. Pale mzazi anapolemewa, jamaa na jirani huziba pengo. Katika riwaya, Mwangeka na Apondi wanampokea Umu, kisha Dick, nao Mwangemi na Neema wanamlea Mwaliko. Damu si lazima iwe moja.

*Shule.* Elimu ya msingi bila malipo ilianza mwaka wa 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kuwa ya lazima. Kila mwaka mtoto anaokaa shuleni ni mwaka wa kuwa chini ya jicho la mtu mzima, pamoja na kupata ujuzi. Hata hivyo, shule huwa ngao pale tu mtoto anapohisi kuwa anatakiwa pale. Kumfukuza mkosaji kila mara ni kumkabidhi kwa genge.

*Michezo na sanaa.* Nakuru ina historia ndefu ya ndondi, na ukumbi wake wa mazoezi unajulikana kwa jina la Madison Square Garden. Mji huu ndio uliompa ulimwengu Philip Waruinge, aliyeshinda medali ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968, akatuzwa pia kama bondia mwenye ustadi bora wa mashindano hayo, kisha akapata fedha Munich mwaka wa 1972. Si kila anayevaa glovu atafika Olimpiki. Faida kubwa ni ile ya kila jioni: mkufunzi anayejua jina lako na anayeuliza ulikuwa wapi jana.

*Sheria inayomtambua mtoto.* Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibikia kosa la jinai kutoka miaka minane hadi kumi na miwili. Sababu ni ile ile tuliyoiona: ukimweka mtoto wa miaka tisa pamoja na wahalifu wakomavu, umempa walimu wapya.

*Kazi na majukumu ya utu uzima.* Vijana wengi waliowahi kukosea huacha uhalifu wanapopata kazi ya kuaminika, ndoa yenye utulivu au mtoto wa kulea. Biashara ya Dick na kazi ya Hazina hotelini ni mifano mizuri.

7.8 Makosa ya kuepuka katika mtihani

1. *Kusimulia.* Ukianza kwa "Siku moja Sauna aliamka…" unapoteza muda. Anza na hoja, kisha mfano.

2. *Kulaumu kabila au mtaa.* Usiandike kwamba vijana wa mtaa fulani ni wezi. Si kweli, si fasihi, na itakugharimu alama.

3. *Kuandika kana kwamba hatima imeandikwa.* Badala ya "Mtoto asiye na baba huwa mhalifu", andika "Kukosa usimamizi wa mzazi humweka mtoto katika hatari ya kurubuniwa".

4. *Kusahau upande wa pili.* Swali likisema "jadili", mwonyeshe msahihishaji vihatarishi na ngao.

7.9 Swali la mfano na mwongozo wa jibu

*Swali: "Watu wazima ndio wanaozalisha uhalifu wa vijana." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)*

Tunatoa hoja sita. Tafuta nne zaidi wewe mwenyewe.

(i) Wazazi wanaotelekeza watoto — Naomi anaiacha familia yake baada ya hali kuwa ngumu. Watoto wanabaki bila ulinzi wa mama, na baada ya kifo cha Lunga wanakuwa windo rahisi.

(ii) Walezi wanaodhulumu — Baba wa kambo anamnajisi Sauna. Uchungu huo unamtorosha nyumbani na kumwingiza mikononi mwa walanguzi wa watoto.

(iii) Wazazi wanaoficha maovu — Mamake Sauna anamtaka anyamaze ili familia isiaibike. Kimya hicho kinamnyima haki na msaada.

(iv) Walanguzi wanaotumia watoto — Buda anamlazimisha Dick kusafirisha dawa za kulevya kwa kumtisha.

(v) Wanasiasa — Vijana wanachochewa kuzua vurugu baada ya matokeo ya uchaguzi. Wanaoumia ni vijana hao na majirani zao.

(vi) Malezi ya ukali usio na huruma — Zohali anatendewa kwa ukatili nyumbani baada ya kupata mimba, hivyo anatorokea mitaani ambako hatari ni kubwa zaidi.

(Hoja 10 × alama 2 = 20. Alama moja kwa hoja, moja kwa mfano uliofafanuliwa.)

*Tanbihi:* "Thibitisha" inakutaka ukubaliane na kauli. Lau swali lingesema "jadili", ungeongeza watu wazima wanaookoa: Apondi, Mwangeka, Neema, Mwangemi na watawa.

7.10 Maswali ya marudio

1. Tofautisha kihatarishi na ngao. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka riwayani. (alama 4)

2. Linganisha na kutofautisha makuzi ya Sauna na Dick. (alama 8)

3. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Jadili ufaafu wa methali hii kwa kurejelea wahusika wowote watano wa Chozi la Heri. (alama 20)

4. Zoezi la nyanjani: pamoja na wenzako, chora ramani ya mtaa wenu. Tia alama mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anaweza kukaa salama kati ya saa kumi na saa moja jioni. Hesabu mahali hapo. Wasilisha matokeo darasani na upendekeze jambo moja ambalo shule yenu inaweza kulifanya bila kungoja pesa za mtu.

7.11 Hitimisho

Turudi kwa swali letu la kwanza. Sauna na Dick hawakutofautiana kwa sababu mmoja alizaliwa mbaya na mwingine mwema. Walitofautiana kwa sababu mmoja alipogeuka kutafuta mkono wa kushika, hakuupata, na mwingine aliupata, ingawa kwa kuchelewa.

Katika riwaya, Umu alipompa Hazina pesa, hakujua kwamba alikuwa akijenga ngao, wala kwamba siku moja ngao hiyo ingemkinga yeye mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi kama wewe. Yule uliyeketi naye dawati moja katika darasa la sita bado anakumbuka jina lako. Ukikutana naye Jumamosi hii pale stendi au sokoni, mwite kwa jina lake la shuleni. Si lazima umhubirie. Muulize tu habari za nyumbani, na umwambie mwalimu au mtu mzima unayemwamini kwamba umemwona.